Mtoto Aliyetulia Baada ya Upasuaji: Tunachopaswa Kukichunguza

Katika wodi ya upasuaji ya watoto, mtoto anayelia kwa nguvu hapati shida ya kusikika. Muuguzi humwendea, mama humbembeleza, na daktari akipita huuliza kulikoni. Mtoto anayesahaulika ni yule aliyelala chali, macho wazi, asiye na neno na mtu, ambaye taarifa ya kukabidhiana zamu humweleza kwa maneno mawili tu: “ametulia vizuri”. Nimewauguza watoto walioumia na waliofanyiwa upasuaji kwa muda wa kutosha kuamini kwamba maneno hayo hayafai kuandikwa kwenye chati kabla muuguzi hajajua utulivu huo umetokana na nini.

Mtoto hutulia kwa sababu maumivu yamepungua, na huo ndio utulivu tunaoutafuta. Hutulia pia kwa sababu kila akijitikisa mshono humchoma, hivyo ameamua asitikisike kabisa. Hutulia kwa sababu damu inavuja mahali pasipoonekana na mwili umeanza kuishiwa nguvu. Kwa sababu morfini, dawa kali ya maumivu, imemzidi na pumzi zinapungua. Kwa sababu chumvi katika damu imeshuka na ubongo unavimba. Au kwa sababu amemlilia mama yake hadi akakata tamaa. Mtu anayechungulia mlangoni ataona mtoto yuleyule katika hali zote hizo. Ninawaandikia wauguzi wenzangu, hasa wanaoanza kazi katika wodi za watoto, pamoja na wazazi wanaoketi kando ya vitanda hivyo wakijiuliza kwa nini tunamgusagusa na kumsemesha mtoto ambaye hatimaye amenyamaza.

Saa za kwanza baada ya mtoto kurudishwa kutoka chumba cha upasuaji zina hatari nyingi, na hapo namba husaidia sana, mradi zisomwe kwa kuzingatia umri. Mtoto mchanga hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika na moyo wake hupiga takribani mara 110 hadi 160, wakati kijana wa miaka 13 hukaribia hesabu za mtu mzima, yaani mapigo 60 hadi 100. Mapigo 130 kwa mtoto wa miezi 3 ni ya kawaida kabisa, lakini kwa mwenye miaka 10, aliyelala kimya baada ya kushonwa ini au bandama iliyopasuka, yanatosha kumfanya muuguzi asiondoke kitandani hapo. Pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima huku kifua kikiwa wazi, kwa maana watoto wadogo hawapumui kwa mwendo ulio sawa, na anayehesabu kwa sekunde 15 kisha akazidisha mara 4 anaweza kupata namba isiyokuwapo.

Kuhusu damu, jambo ambalo ningependa kila muuguzi mpya alijue kwa moyo ni kwamba mwili wa mtoto una takribani mililita 80 za damu kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 ana mililita 800 tu, kwa hiyo damu ambayo kwa mtu mzima tungeiona ni kidogo, kwake inaweza kuwa sehemu kubwa ya yote aliyo nayo. Pamoja na hayo, mishipa ya mtoto hujikaza kwa nguvu kiasi kwamba anaweza kupoteza robo ya damu yake au zaidi bila shinikizo la damu kushuka. Mashine itaonyesha shinikizo zuri huku mtoto akiwa njiani kuelekea hatarini. Dalili za mapema ziko kwingine: mapigo yanayoongezeka kutoka kipimo kimoja hadi kingine, vidole vya miguu vinavyokuwa baridi wakati tumbo ni la moto, ngozi ya kifuani ambayo ikibonyezwa na kuachiwa huchukua zaidi ya sekunde 2 au 3 kurudisha rangi, na mkojo unaopungua. Kwa kawaida tunategemea angalau mililita 1 ya mkojo kwa kila kilo kwa kila saa, na kwa mtoto aliye chini ya mwaka takribani mililita 2. Asiyekuwa na mpira wa mkojo hupimiwa nepi: kavu kwanza, kisha iliyolowa, na kila gramu iliyoongezeka huhesabiwa kuwa mililita moja. Kazi hiyo huonekana ndogo, lakini nepi iliyopimwa imewahi kunionyesha hatari kabla ya mashine yoyote kulia.

Wapo pia watoto, hasa wa kati ya mwaka mmoja na miaka 5, wanaozinduka kutoka usingizi wa dawa wakipiga kelele, wakirusha miguu na wasimtambue hata mama. Mara nyingi hali hiyo huisha yenyewe ndani ya nusu saa na haina madhara. Hata hivyo, mtoto anayehangaika kwa kukosa oksijeni, kwa kuvuja damu, kwa maumivu au kwa kibofu kilichojaa huhangaika vivyo hivyo. Kabla ya mtu yeyote kusema kwamba ni ulevi wa dawa ya usingizi, oksijeni ipimwe, kidonda kitazamwe, tumbo la chini liguswe, na maumivu yafikiriwe. Hatari ya kumtuliza kwa dawa bila kuangalia hayo ni kwamba tutapata ule ukimya nilioutaja, na hatutajua tumenyamazisha nini.

Maumivu nitayasemea kwa kirefu, kwa kuwa hapo ndipo watoto walidhulumiwa kwa muda mrefu. Hadi miaka ya 1980 watoto wachanga katika hospitali zenye sifa kubwa waliweza kufanyiwa upasuaji wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli na dawa kidogo mno ya usingizi, kwa imani kwamba neva zao hazijakomaa kiasi cha kusikia maumivu. Mtoto aliyelegezwa misuli hawezi kulia wala kujivuta, na hivyo hakuna aliyesikia malalamiko yake. Mwaka 1987 daktari Kanwaljeet Anand na wenzake, waliokuwa Oxford, Uingereza, walichapisha matokeo ya utafiti juu ya watoto njiti waliofungwa mshipa ulio karibu na moyo. Waliopewa fentanili, dawa kali ya maumivu, pamoja na dawa za kawaida walikuwa na msukosuko mdogo wa homoni mwilini na matatizo machache baada ya upasuaji kuliko wenzao wasiopewa. Watoto wale hawakusema lolote; miili yao ndiyo iliyotoa ushahidi, na sisi wauguzi bado tunaishi kwa kanuni hiyohiyo ya kuusoma mwili wa asiyeweza kusema.

Zipo njia zilizopangwa vizuri za kuusoma. Kipimo cha FLACC, kilichochapishwa mwaka 1997 na wataalamu wa Michigan, Marekani, hutazama mambo matano: uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio, na jinsi mtoto anavyobembelezeka. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2, na jumla hufika 10. Huwafaa watoto wa kuanzia miezi 2 hadi takribani miaka 7. Wenye miaka 3 au 4 na kuendelea wanaweza kuonyeshwa michoro ya nyuso, kama ile iliyoanzishwa na Donna Wong na Connie Baker mwaka 1983, na kuchagua unaofanana na wanavyojisikia. Kuanzia miaka 8 hivi wengi huweza kutaja namba. Ninavithamini vipimo hivi na kuvitumia kila siku, lakini lazima niseme kwamba kilio ni alama 2 tu kati ya 10. Mtoto aliyekunja uso, aliyekunjia magoti tumboni, aliyekaza mwili kama ubao na asiyetaka kuguswa anaweza kupata alama 7 au 8 bila kutoa sauti. Muuguzi anayesubiri kilio ndipo ampime amekwisha kumwacha mtoto huyo ateseke.

Ndiyo maana siipendi amri ya dawa inayoandikwa “apewe inapohitajika” katika siku mbili za kwanza baada ya upasuaji mkubwa. Nani atasema kwamba inahitajika? Mtoto wa miaka 6 aliyekwisha kujifunza kwamba akilalamika huletewa sindano atasema haumwi, hata kama mikono yake imeng'ang'ania vyuma vya kitanda. Parasetamoli ya miligramu 15 kwa kilo kila baada ya saa 6, na ibuprofeni ya miligramu 5 hadi 10 kwa kilo kila baada ya saa 8 kwa mtoto aliyevuka miezi 3, asiye na tatizo la figo, asiyevuja damu wala kupungukiwa maji, zikitolewa kwa saa bila kungoja malalamiko, hupunguza kiasi cha morfini kinachohitajika na humfanya mtoto akubali kukohoa, kukaa na kutembea. Sindano za msulini kwa ajili ya maumivu zifutwe kabisa pale ambapo mtoto ana dripu au anaweza kumeza.

Morfini yenyewe wengi huiogopa kupita kiasi. Inaweza kupunguza pumzi, na kwa hiyo muuguzi hupaswa kujua kwamba usingizi mzito hutangulia kabla pumzi hazijapungua sana. Mtoto anayelala lakini akiitwa kwa jina hufumbua macho na kujibu yuko salama. Anayefumbua macho kwa shida na kuyafumba tena kabla hujamaliza sentensi anahitaji dawa isimamishwe, oksijeni ipimwe, pumzi zihesabiwe, na naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya morfini, iwe karibu. Kumwamsha kwa upole mtoto aliyepewa morfini ni sehemu ya tiba, na wazazi wakielezwa sababu huwa hawakasiriki. Kodeini, dawa nyingine ya maumivu, ni habari nyingine. Mwili huigeuza kuwa morfini, na baadhi ya watoto huigeuza haraka mno kwa sababu ya maumbile ya kurithi. Wapo waliokufa baada ya kuondolewa tonsili na kupewa kiasi kilichodhaniwa kuwa cha kawaida. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza kodeini kwa watoto walio chini ya miaka 12, na mimi naona hakuna sababu ya kuwapa.

Dawa peke yake haitoshi, na hapa mzazi anaweza kufanya ambalo hakuna muuguzi anayeweza kulifanya. Mtoto mchanga anyonyeshwe au apewe matone ya maji yenye sukari dakika mbili kabla ya kuchomwa sindano. Mwenye miaka 2 apakatwe wima kifuani kwa mama, mikono ya mama ikimshika kwa kumkumbatia, badala ya kulazwa chali na watu wanne kumkandamiza. Mwenye miaka 5 apewe kazi: apulize mapovu ya sabuni, ahesabu vigae vya ukutani, achague ni kidole kipi kitatobolewa. Kupuliza mapovu kuna faida ya pili, kwani hufungua mapafu ya mtoto aliyekuwa akipumua juujuu kwa kuogopa mshono. Kuosha vidonda, kuondoa nyuzi na kutafuta mshipa kufanyike katika chumba cha pembeni kila inapowezekana. Kitanda kibaki mahali ambapo hakuna anayemfanyia mtoto jambo la kuumiza. Vinginevyo atalala usiku kucha akisikiliza nyayo.

Kwa watoto waliovunjika mifupa, ukimya una sura nyingine. Chukua mvunjiko wa mfupa wa mkono juu kidogo ya kiwiko, ambao huwapata sana watoto wa miaka 5 hadi 7 wanaoanguka na kujikinga kwa mkono ulionyooka. Ncha ya mfupa hukaa karibu na mshipa mkuu wa damu na neva zinazokwenda kiganjani. Baada ya mfupa kurudishwa mahali pake, kila saa tunaangalia rangi ya vidole, joto lake, hisia, na jinsi rangi inavyorudi kucha ikibonyezwa. Mwendo wa vidole huangaliwa kwa mchezo wa jiwe, karatasi, mkasi: ngumi huonyesha neva ya kati ya mkono, kiganja kilichonyooshwa huonyesha neva ya nyuma, na vidole vilivyotanuliwa kama mkasi huonyesha neva ya upande wa kidole kidogo. Tukiongeza duara la kidole gumba na cha shahada tunapima tawi la neva ya kati ambalo huumia mara nyingi katika mvunjiko huo. Mtoto hudhani anacheza, nasi tunapata majibu ambayo maswali ya moja kwa moja yasingeyapata.

Hatari kubwa ni msuli kuvimba ndani ya utando wake usiotanuka hadi damu isipite. Mwaka 1881 daktari Mjerumani Richard von Volkmann alieleza jinsi mkono unavyokunjamana na kukakamaa maisha yote kwa sababu ya misuli kukosa damu. Kwa mtoto dalili tatu huja kabla ya nyingine: wasiwasi unaozidi, kuhangaika, na kuhitaji dawa ya maumivu mara kwa mara kuliko jana. Mtoto aliyekuwa akitosheka na parasetamoli, kisha ghafla hata morfini haimtulizi, na ambaye akinyooshewa vidole na mtu mwingine hupiga ukelele, hapaswi kuongezewa dawa tu. Bandeji na plasta zifunguliwe hadi kwenye ngozi, mkono uwekwe usawa wa moyo, na daktari aitwe sasa hivi, si wakati wa mzunguko wa asubuhi. Hapa mtoto anayesumbua anatusaidia. Ninayemhofia zaidi ni yule mdogo asiyeweza kusema, au mwenye ulemavu wa akili, au aliyepigwa ganzi ya mkono mzima, ambaye plasta inambana naye ametulia tuli.

Mtoto aliye chini ya miaka 2 aliyevunjika fupaja anaweza kuning'inizwa miguu yote miwili juu, matako yakiinuliwa kidogo tu kiasi cha kiganja kupita chini yake. Wauguzi wengi hutazama mguu uliovunjika na kusahau mzima, ilhali bandeji zimezungushwa kwenye yote miwili na damu inaweza kukosa njia kwenye wowote.

Kisha wapo walioungua. Wengi wao ni watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu waliomwagikiwa na kimiminika cha moto, na ningeomba kila mlezi ajue kwamba maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20 bado yana faida mradi saa 3 hazijaisha tangu mtoto aungue. Maji ya barafu na vitu vya kupaka visitumike, na sehemu nyingine za mwili zifunikwe ili mtoto asipoe mno. Hospitalini ukubwa wa jeraha hukadiriwa kwa chati ya Lund na Browder ya mwaka 1944, inayozingatia umri: kichwa cha mtoto aliye chini ya mwaka ni asilimia 19 ya ngozi yote, wakati cha mtu mzima ni asilimia 7. Anayetumia hesabu ya watu wazima atakosea kiasi cha maji ya mishipani. Kwa mtoto, jeraha linalofikia asilimia 10 tayari linahitaji maji hayo.

Mkao wa mtoto aliyeungua unanigusa sana, kwa sababu madhara yake huonekana wakati kila mtu anadhani kazi imekwisha. Mtoto hukaa jinsi kidonda kinavyouma kidogo: shingo iliyoungua ameinamisha kidevu, kwapa amebana mkono ubavuni, kiwiko amekunja, vidole amefumba. Akiachwa hivyo atakuwa kimya, na kovu litamfunga katika mkao huohuo. Shingo iliyoungua kwa mbele isilaliwe kwa mto. Mkono utanuliwe kutoka ubavuni. Kiwiko na goti vinyooshwe kwa gango. Vidole vifungwe shashi kila kimoja peke yake ili visishikamane. Mazoezi yafanywe dawa ya maumivu ikiwa imekolea, yaani nusu saa hadi saa moja baada ya kumeza, na wala si kabla. Nimewaona wazazi wakimhurumia mtoto na kumrudishia mto usiku, na siwalaumu, kwa kuwa mara nyingi hakuna aliyewaeleza kwamba mkao unaompa nafuu usiku huu ndio utakaomfanya ashindwe kuinua kichwa atakapokwenda shule.

Kuna jambo lingine kuhusu majeraha madogo ya moto ambalo halisemwi vya kutosha. Mtoto mdogo mwenye jeraha lisilofika asilimia 10, lililoonekana safi, anaweza siku ya pili hadi ya nne kupata homa inayozidi nyuzi 39, vipele vyekundu mwilini, kutapika au kuhara, kisha akalegea. Sumu ya bakteria walio kwenye kidonda inaweza kumwangusha ndani ya saa chache, ingawa kidonda chenyewe hakina usaha. Homa na ulegevu kwa mtoto aliyeungua kidogo visichukuliwe kuwa mafua ya kupita.

Nalazimika pia kutaja majeraha yasiyolingana na maelezo. Mtoto mchanga asiyeanza hata kutambaa hapati michubuko kwa kawaida, wala mguu hauungui na kuacha mstari ulionyooka kama wa soksi kwa bahati tu. Kazi ya muuguzi hapo ni kuandika kwa usahihi alichokiona na maneno aliyoyasikia, bila kuongeza hukumu yake, na kuwafikishia wanaohusika na ulinzi wa watoto siku hiyohiyo. Mtoto anayenyamaza ghafla mtu fulani anapoingia wodini, akamfuata kwa macho bila kulia, hilo nalo liandikwe.

Nimetaja chumvi ya damu. Kwa miaka mingi maji ya mishipani ya watoto yalihesabiwa kwa kanuni ya Holliday na Segar ya mwaka 1957: mililita 100 kwa kila kilo ya kilo 10 za kwanza, 50 kwa kila kilo ya kilo 10 zinazofuata, na 20 kwa kila kilo inayozidi hapo. Mtoto wa kilo 14 hupata mililita 1,200 kwa siku, yaani 50 kwa saa. Hesabu hiyo bado inatumika, lakini aina ya maji imebadilika. Baada ya upasuaji, maumivu, kichefuchefu na mshtuko wa mwili huufanya mwili uzuie maji, na akipewa maji yenye chumvi kidogo, damu huzimuka. Ishara zake ni kichwa kuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida, na hatimaye degedege. Ndiyo sababu mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2018 unataka watoto wa siku 28 hadi miaka 18 wapewe maji yenye chumvi inayolingana na ya damu, isipokuwa kwa hali chache maalumu. Mtoto aliye kwenye dripu siku ya pili, anayelala kupita kiasi na kulalamika kichwa, apimwe chumvi ya damu kabla ya kusifiwa kwa utulivu. Na kila dawa yake ihesabiwe kwa uzito uliopimwa siku hizi, si uliokisiwa; andika 0.5, kamwe usiandike .5 wala 5.0, kwa maana nukta isiyoonekana vizuri humpa mtoto dozi mara kumi.

Kwa upasuaji wa tumbo nitasema moja tu: matapishi ya kijani kwa mtoto mchanga ni dharura hadi daktari wa upasuaji athibitishe vinginevyo, hata kama mtoto anaonekana mchangamfu.

Ukimya wa mwisho ni ule wa kuachwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 James Robertson, aliyefanya kazi London pamoja na daktari wa akili John Bowlby, aliwatazama watoto wadogo waliolazwa bila wazazi wao, kwa kuwa wakati huo hospitali nyingi ziliruhusu wazazi kutembelea kwa saa chache tu. Alieleza hatua tatu: kwanza mtoto hulia na kudai, kisha huvunjika moyo na kunyamaza, halafu huonekana amezoea, akicheka na kila muuguzi huku akimgeuzia mama kisogo. Wahudumu waliihesabu hatua ya pili kuwa ndipo mtoto anatulia, na ya tatu kuwa amepona. Mwaka 1959 ripoti ya kamati iliyoongozwa na Harry Platt nchini Uingereza ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto bila kubanwa na saa, na akina mama wa watoto wadogo waweze kulala nao hospitalini. Bado ninakutana na watu wanaosema kwamba mtoto husumbua zaidi mama akiwapo. Ni kweli hulia zaidi, kwa sababu amepata mtu wa kumlilia, na mimi nautaka mlio huo kuliko utii wa mtoto asiyetarajia chochote.

Mzazi anayekaa naye apewe kazi halisi. Yeye ndiye anayejua kilio cha njaa na cha maumivu, na akisema “huyu si yeye leo”, niandike kauli hiyo kwenye chati kama ninavyoandika joto la mwili, kisha nimpime mtoto upya. Asimdanganye mtoto kwamba haitauma. Aseme itauma kidogo, kwa muda mfupi, na kwamba atamshika. Akilazimika kuondoka, aage. Anayetoroka mtoto akiwa amelala atamwona mtoto huyo akikataa kulala usiku unaofuata.

Siku ya kuruhusiwa hupita haraka kwa sababu kila mtu anataka kwenda nyumbani, na maelezo hutolewa mzazi akiwa anafunga mizigo. Ni afadhali yaanze siku moja kabla na yaandikwe. Aliyetolewa tonsili anaweza kuvuja damu hata siku ya 5 hadi ya 10. Mtoto aliyelala huku akimeza mate mara kwa mara huenda anameza damu, na mzazi amulike koo na kumrudisha hospitali bila kungoja kuche. Mwenye plasta arudi kama vidole vimekuwa baridi, vimepoteza rangi au vimekufa ganzi, au kama kuna harufu. Mwenye mshono arudi kama wekundu unaenea, kama kuna usaha au homa. Aliyeungua atawashwa sana ngozi ikipona, hadi akose usingizi. Mafuta ya kulainisha ngozi na dawa ya kuzuia mwasho visionekane kuwa anasa. Wengi pia watarudia kukojoa kitandani, watang'ang'ania nguo ya mama, watashtuka usiku au watakataa chakula walichokipenda. Wazazi wakijulishwa mapema hawatampiga kwa hayo. Kwa wengi hupungua ndani ya wiki chache, na yanapoendelea kwa muda mrefu yafaa yaletwe kliniki kama dalili nyingine yoyote.

Wanaporudi kliniki, mimi humwuliza mtoto kwanza, kabla ya mzazi, kile anachoweza kufanya sasa na kile ambacho bado kinamshinda. Humpa kalamu ashike, humwomba ainue mikono yote juu ya kichwa, humwona akitembea kutoka mlangoni hadi mezani, kisha ndipo ninapofungua bandeji. Asiyetumia mkono uliopona, ingawa picha ya mfupa ni nzuri na yeye mwenyewe anasema hana tatizo, hupangiwa siku za mazoezi na hutazamwa tena maumivu yake, na jina lake hubaki kwenye orodha ya kliniki hadi nimwone akiutumia mkono huo bila kukumbushwa.